T ya Taudi

Siku mliyoniaga, ninyi vijana wa karakana, mlitundika bango la plastiki ukutani, juu ya meza ya keki. Lilikuwa limechapwa na mashine, maua huku, maputo kule, na katikati kwa herufi kubwa: HAPPY RETIREMENT MADAM SALAMI. Jina langu ni Salome. Nimekula mkate wangu wote kwa kuandika majina ya watu na ya miji, halafu nikaagwa kwa jina la soseji. Nilikata keki, nikashukuru, nikapigwa picha chini ya hilo bango nikitabasamu kama mtu aliyebanwa kidole na mlango. Nyumbani nilifunika nalo banda la kuku. Halivuji, hilo nakubali, na kuku hawajui kusoma.

Mmoja wenu aliniuliza siku hiyo, "Madam, kwani zamani mlikuwa mnaandika kila kitu na mkono? Hata zile signboard za barabara?" Aliuliza kwa huruma, vile mtu anavyomuuliza nyanya yake kama ni kweli watu walitembea bila viatu. Basi hili ndilo jibu. Halina habari za vyeo wala mshahara, kwa maana vyote viwili vilikuwa vidogo na havina hadithi. Lina habari za brashi, za mwalimu wangu, na za vimiji vidogo vya huku Uasin Gishu nilivyoviandikia majina, hasa kimoja kinachoitwa Dipu. Nilizaliwa huko. Mwaka huu watu waliamua kulitupa jina hilo, nami nikavaa viatu vyangu vya kanisani nikaenda kulipigania. Mtasoma yaliyonipata.

Dipu iko nje ya Eldoret, ukishapita Kiplombe, mahali lami inapokata tamaa. Kwa Kiswahili cha vitabu lile bwawa la saruji la kuogeshea ng'ombe dawa ya kupe linaitwa josho. Sisi tulisema dipu, na kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kujivunia, senta nzima ikaitwa hivyo. Ilikuwa na maduka machache yaliyotazamana kama watu waliokosana, posho mili moja ya kusagia mahindi, hoteli moja yenye benchi moja, na baba yangu. Baba ndiye aliyekuwa mtunza dipu.

Kila Alhamisi ng'ombe walishuka kutoka pande zote. Walipangwa mstari kwenye kichochoro cha miti, wakasukumwa mmoja mmoja mpaka ukingoni, na baba, akiwa na fimbo yake ndefu yenye ncha ya panda, aliwazamisha kichwa ili dawa iingie hata masikioni, mahali kupe hupenda kujificha. Sisi watoto tulikaa juu ya uzio. Tuliwapa ng'ombe majina ya walimu wetu, na yule aliyekataa kuruka tulimwita Hedimasta. Wakitoka upande wa pili walijikung'uta, wakatulowesha, tukapiga kelele za furaha. Alhamisi chai ilinukia dawa. Mandazi yalinukia dawa. Hata nyimbo za kwaya jioni ile, nawaapia, zilinukia dawa. Baba aliporudi nyumbani suruali ikiwa imelowa mpaka kiunoni, harufu yake ilifika langoni kabla yake, nasi tulikimbia kumlaki kwa kuifuata. Niliipenda hiyo harufu. Nasema wazi, niliipenda, na mpaka leo nikipita kwenye duka la dawa za mifugo pale mjini nasimama kidogo mlangoni, nikijifanya natafuta simu kwenye mkoba.

Watoto wa mjini walituita watu wa kupe. Nilipoenda shule Eldoret, msichana mmoja aliyeketi karibu nami alibana pua muhula mzima. Alikuwa amekulia katika nyumba ya chumba kimoja nyuma ya stendi, dirisha likitazama ukuta, na huyo ndiye alikuwa ananionea huruma. Tangu wakati huo sijawahi kumwamini mtu anayesema amekulia mjini. Amekulia wapi hasa? Kwenye ngazi? Mtoto wa senta ndogo anajua ni nani aliyekufa, nani aliyezaa, ng'ombe wa nani amevunja uzio na kuku wa nani anataga kwa jirani. Mtoto wa mjini anajua namba ya mlango wake.

Herufi nazo nilizipatia hukohuko. Siku moja alikuja mchoraji na ngazi yake, ametumwa na kampuni ya sabuni, akaandika jina la sabuni kwenye ukuta mzima wa duka. Nilisimama kumtazama mpaka mama akatuma mtu aje kuona kama nimekufa. Vile herufi moja ilivyotoka kwenye brashi ikiwa imekamilika, ina kingo, ina kivuli chake chekundu pembeni, nilidhani ni miujiza. Sabuni yenyewe haikutoa povu. Lakini lile neno lilibaki ukutani miaka mingi baada ya kampuni kufungwa, na mimi nikajua ninachotaka kufanya.

Siku yangu ya kwanza karakana ya manispaa, nilimkuta Mzee Wafula amekaa juu ya mkebe wa rangi uliopinduliwa, anakunywa chai ya rangi ndani ya kikombe chenye rangi. Alikuwa Mbukusu wa upande wa Kimilili, mfupi, koti lake la khaki likiwa limepata madoa mpaka likawa na rangi zote za serikali. Aliniangalia toka juu hadi chini.

"Msichana, umetumwa tukani?"

"Sijatumwa tukani, Mzee. Nimeandikwa kazi."

"Kasi kani?"

"Ya kuandika vibao."

Akacheka mpaka chai ikamwagika. Lakini aliona nami nimesema tukani, akanisogezea mkebe mwingine nikae.

Hapa ni lazima niwaelezee ninyi mliosomea shule za kulipia. Sisi Wanandi na hao ndugu zetu Wabukusu hatufanani kwa mengi, lakini D ikitufika mdomoni mwanzo wa neno hugeuka T bila kuomba ruhusa. Duka ni tuka, dawa ni tawa, daktari ni taktari. Mzee Wafula aliongeza zake: B kwake ni P, G ni K, Z ni S, na bibi ni pipi. Tunajua tofauti vizuri sana. Masikio yetu yanajua, vichwa vyetu vinajua, ni ulimi tu ambao haujapata barua. Kumbukeni hilo.

Mzee Wafula hakunipa rangi. Alinipa mlango mbovu wa choo, brashi kuukuu na maji, akaniambia niandike herufi S mpaka nichoke, ikikauka na kupotea niandike tena. Kwa nini S? Kwa sababu S haina mahali pa kujificha. I ni fimbo, L ni fimbo iliyoanguka, lakini S ikiinama kidogo tu kila mpita njia anaiona imelewa. Nilioga S. Niliota S. Alipotosheka alinipa rangi ya mafuta na kunifundisha yale ambayo mashine yenu haijui: kusugua bati kwa msasa kwanza, kupaka andakoti, ile rangi ya chini, na kuiacha ikauke, kuvuta uzi uliopakwa chaki ili mstari usipande mlima, kuegemeza mkono kwenye fimbo, na kutopumua wakati brashi inazunguka kona. Nafasi kati ya herufi, alisema, haipimwi kwa rula. "A na V ni mtu na pipi yake, waache wakaripiane. I na L ni majirani, weka ua katikati." Mnapochapa mabango yenu, A na V zimesimama mbalimbali kama watu wanaosubiri kesi ya talaka, na hakuna hata mmoja wenu anayeona aibu.

Kazi yangu ya kwanza peke yangu ilikuwa USIKOJOE HAPA, nyuma ya soko. Niliiandika kwa weupe juu ya weusi, herufi safi mno. Nilirudi siku iliyofuata kuitazama nikawakuta wanaume wawili wamesimama mbele yake, wanaisoma, wanakojoa. Mmoja akamwambia mwenzake, "Hii kitu imeandikwa poa sana." Hiyo ndiyo sifa ya kwanza niliyopata kazini, na nadhani ndiyo ya kweli kuliko zote.

Halafu wakaanza kututuma mashambani, na hapo ndipo nilipoyapenda maisha. Ninyi mnaona fahari kutumwa Nairobi. Mimi nilikuwa nikiona fahari kutumwa Turbo. Burnt Forest ilikuwa na baridi ambayo rangi ilikataa kukauka, ukaandika asubuhi na jioni bado inakung'ang'ania vidole. Soy sikuwahi kuona soya. Matunda hakuna aliyenipa hata ndizi. Maili Nne imemezwa na mji siku nyingi, lakini bado inajitaja kwa umbali, kama shangazi asiyekubali kwamba amehamia kwa watoto. Nilivipenda vyote. Kimji kidogo kinakutazama ukifanya kazi. Ukipandisha ngazi, kinyozi anatoka, mwenye hoteli anatoka, mama wa mboga anageuza kiti chake, na kila mmoja anakuelekeza. Jina likikamilika wanasimama kimya kidogo, hata wale wasiojua kusoma, kama watu walioonyeshwa picha yao wenyewe. Jaribuni kupata hiyo kwenye kompyuta.

Sasa, kibao cha Dipu.

Barabara ilikuwa imekwanguliwa na greda, na ofisi ikaamua kila senta iwe na kibao. Karani alipiga simu karakana. Laini ilikuwa mbovu na karani alikuwa Mnandi kama mimi. Mzee Wafula alishika simu kwa mikono miwili, akapiga kelele, "Naantika nini? Tipu? Ni T ama ni T?"

Karani naye akapiga kelele upande wa pili, hata mimi niliyekuwa mlangoni nikamsikia. "T! T ya Taudi!"

"Taudi kani?"

"Taudi wa Biblia! Aliyeua Goliathi!"

"Sawa, Taudi," akasema Mzee Wafula, akakata simu, akachukua chaki, akachora T kubwa kwenye bati.

Nikamwambia, "Hapana Mzee, si hiyo. Ni T ile ingine."

"T ni moja."

"Ile T yenye tumbo."

"T haina tumbo, Salome. T ina mabega."

"Mzee, hiyo ndiyo senta ya nyumbani. Mimi nimezaliwa huko. Ni Tipu, na T yenye tumbo!"

"Umesema mwenyewe ni Tipu," akasema kwa upole wa mtu aliyeshinda kesi. "Na karani amesema T ya Taudi. Sasa watu watatu tumekupaliana, unataka nani tena? Askofu?"

Mngesema ningechora tu hiyo D chini kwa kidole. Nilichora. Aliitazama, akaitazama T yake, akasema hiyo niliyochora ni ya kuandikia dakika na dunia, mambo makubwa makubwa. Halafu akapaka. Na mkitaka kujua ukweli, ilikuwa T nzuri kuliko zote nilizowahi kuona, mabega yamenyooka, kivuli cha kijani kibichi pembeni. Tulikipeleka kwa lori. Senta yote ilitoka. Baba yangu alisimama mbele, koti limefungwa vifungo vyote kwa sababu ya kibao, akakisoma polepole kwa sauti: "Ti-pu." Akageuka akaniambia, "Mmefanya vizuri. Hamjakosea hata kidogo." Watu wakapiga makofi.

Kibao hicho, TIPU, kilisimama miaka na miaka. Hakuna aliyelalamika, kwa kuwa kila mtu alikisoma sawasawa. Kilikuwa ndicho kibao pekee nilichowahi kuona kilichoandikwa kwa lafudhi.

Baba alikohoa muda mrefu, kisha akafa. Tulisema ni kifua, na mambo yakaendelea vile yanavyoendelea. Dipu ilifungwa, watu wakaanza kujinunulia bomba za kupulizia ng'ombe nyumbani. Lile bwawa lilijazwa udongo, na juu yake kukaota nyasi nyingi za kushangaza. Mzee Wafula alistaafu akarudi Kimilili, akaniachia fimbo yake ya kuegemezea mkono. Kibao chake kiliposhindwa na kutu, mtu mwingine aliandika DIP bila kuja kuniuliza. Baadaye wauzaji wa ploti wakaja na karatasi zao zenye picha ya maporomoko ya maji, na kwenye hizo karatasi Dip ikawa Deep. Deep View Gardens. Nilisoma hiyo karatasi kwenye stendi ya matatu Eldoret. Kina cha nini? Kitu pekee chenye kina Dipu kilikuwa dipu yenyewe, nayo imefukiwa. Na view? Ukisimama hapo ukatazama mbali kabisa, unaona posho mili.

Tangu Eldoret iitwe jiji, ugonjwa huu umeenea. Hakuna tena senta, kuna gardens. Hakuna shamba la mahindi la fulani, kuna heights, hata mahali pa tambarare kama chapati. Mtu anauziwa kipande cha matope, anapewa lango lenye simba wawili wa saruji, na tangu siku hiyo hamsalimii aliyemwuzia maziwa.

Basi mwaka huu, nikiwa nimeshastaafu, likaja neno kwamba barabara ya kwetu itawekwa vibao vipya na wakaazi wachague jina moja la kuandikwa, Dipu au Deep View. Mkutano ungefanyika ndani ya kanisa. Nilijua la kufanya. Nilikuwa nimeokoa majina ya vichochoro, ya wodi, ya marehemu kwenye misalaba. Nisingeshindwa kuokoa la nyumbani. Nilipiga pasi nguo. Niliandaa hotuba. Nilimwambia mama kwa simu, "Mama, naja kusimamisha huu upuzi." Mama akasema, "Njoo, nitakuwa huko." Nikachukulia kwamba ni baraka.

Brian ndiye aliyeanza. Brian ni mtoto wa jirani yetu, anauza ploti, viatu vyake vina ncha.

"Wazazi wetu, kwa heshima," akasema, "hii jina Dipu inatuangusha. Client akiskia Dipu anafikiria kupe. Nikisema Deep View, anauliza bei. Si ni the same place? Ni kupaka tu makeup."

Nikasimama. Nilizungumza vizuri, nakiri. Nilisema juu ya Alhamisi, juu ya uzio, juu ya Hedimasta aliyekataa kuruka, watu wakacheka. Nilisema kwamba Eldoret yenyewe, pamoja na ujiji wake wote, wazee bado wanaiita Sisibo, kutokana na namba ya shamba, sikisti foo, na haijawadhuru. Nilimuuliza Brian kama amewahi kuona hicho kina anachouza, na kama anakijua atupeleke tukachote maji. Nilisema mwacha mila ni mtumwa. Nilisema harufu ile ya dawa ndiyo iliyonilea, na mtu anayeona haya juu yake anamwonea haya baba yangu aliyekuwa akiinukia. Wazee waliitikia kwa vichwa. Nilikaa nikijua nimeshinda, nikamtazama Brian kwa dharau ambayo nilikuwa nimeipiga pasi pamoja na nguo.

Ndipo mama akainua fimbo yake.

Mama ni mzee sasa. Hasimami haraka. Mwenyekiti alimwambia aongee akiwa amekaa, naye akakataa, akasimama mpaka mwisho ndipo akafungua kinywa.

"Mimi nachagua hilo jina jipya la Brian," akasema.

Nilidhani hajaelewa. "Mama, Dipu ni ile ya baba," nikamwambia. "Wanataka kuitoa."

"Nimeskia. Waitoe." Akanigeukia, na hakukasirika, ingekuwa afadhali angekasirika. "Salome, wewe ulikuwa unakaa juu ya uzio. Mimi sikukaa juu ya uzio. Unakumbuka harufu. Mimi nilifua hizo nguo. Nilizifua kwa hii mikono, mpaka ngozi ikatoka, na maji yake nikimwaga hapo nyasi ilikufa. Baba yako alikuwa anapumua hiyo kitu, anakula nayo, analala nayo, na usiku nilikuwa nahesabu akikohoa. Halafu ukaenda mjini kuandika. Ukaja na kibao, mkapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Alikuwa amefurahi, ningefanya nini? Lakini kila siku nikitoka kwa mlango naona hiyo jina imesimama hapo. Hiyo kitu ilimkula na bado imeandikwa, yeye hajaandikwa mahali."

Brian alikuwa anatazama viatu vyake vyenye ncha.

"Kitanda usichokilalia, huwezi jua kunguni wake," mama akasema. "Wacha nitoke kwa mlango nione kitu ingine kabla sijaenda. Hata kama ni uongo." Akakaa.

Mikono ilipoinuliwa, mingi ilikuwa ya Deep View. Sikumbuki kama niliinua wangu. Nakumbuka nilikuwa natazama mikono ya mama juu ya ile fimbo, mikono ambayo maisha yangu yote nilidhani imekunjamana kwa sababu ya uzee.

Nilikasirika njia nzima kurudi nyumbani, na mtu wa kumkasirikia sikumwona. Nilitaka awe Brian. Nilijaribu sana. Lakini Brian ni mtoto tu wa ploti. Nilikasirikia baba, kwa kunukia vizuri. Nililia jikoni kama mjinga, na kuku wangu chini ya bango la Madam Salami wakinitazama.

Kibao kipya kiliwekwa. Cha mashine, bila shaka, karatasi ya plastiki juu ya bati. Mvua za kwanza ziliinua kona, upepo ukamaliza, ikabaki EEP VIE. Nilipita hapo nikacheka mpaka boda boda aliyenibeba akasimamisha pikipiki kuuliza kama nimeumwa. Siku chache baadaye Brian akanipigia simu.

"Mama, shikamoo. Ile signboard imetuaibisha. Majamaa wanaipiga picha, wanaweka kwa mtandao. Unaweza tuandikia ile ya mkono? Ile haitoki?"

Nilikuwa na majibu mengi mazuri. Niliyaacha. Nilienda nikasugua bati kwa msasa, nikapaka andakoti, nikangoja ikauke, nikavuta uzi wa chaki. Nikaegemeza mkono kwenye fimbo ya Mzee Wafula. Kinyozi alitoka, mama wa mboga akageuza kiti, watu wasio hata na ploti wakanielekeza. Nikaandika D, yenye tumbo, kubwa na safi, kivuli cha kijani kibichi pembeni. Niliandika jina nisilolipenda kwa uangalifu ambao sijawahi kuupa jina lolote ninalolipenda, kwa sababu kuna mtu mmoja atakayelitazama kila asubuhi akitoka mlangoni, naye hajui kusoma.

Alikuja wakati nafunga mikebe, akitembea na fimbo yake. Akasimama mbele ya kibao.

"Ni nzuri," akasema. "Inasema nini?"

"Deep View, Mama." Nilijikaza kulitamka vile Brian analitamka.

Akaliweka mdomoni polepole, kama mtu anayeonja chakula cha wageni. "Tip... fiu." Akajaribu tena, kwa nguvu sasa, ameridhika. "Tipu Fiu. Hapo sawa. Hapo sasa imetoka kabisa."

Mimi, ambaye nimesahihisha makarani, mainjinia, mapadre na mawe ya makaburi, ambaye nilitaka kuwasahihisha ninyi mbele ya keki yenu wenyewe, nilimshika mama mkono.

"Imetoka, Mama," nikamwambia. "Imetoka kabisa."